Kibaba cha Mzee Omari

Jumatatu, 10 Machi

Nimemgeuza ubavu wa kulia. Nimemfuta. Nimebadilisha shuka. Kidonda cha kiunoni hakijaongezeka, alhamdulillahi, lakini hakijapungua pia. Hiyo ndiyo habari ya asubuhi na ndiyo itakayokuwa habari ya jioni.

Leo chungu cha tisa cha Ramadhani. Mzee amefunga. Mume wangu Omari, mkwezi wa minazi wa Mlingotini nzima, mtu aliyekuwa akiimba akiwa juu kileleni, sasa hawezi kukaa kitako mpaka ashikwe. Saratani ilianzia kwenye tezi dume, ikaingia mifupani, ikapiga kambi mgongoni. Na bado anafunga! Hajala mchana wa Ramadhani tangu abaleghe, hata alipokuwa akikwea jua la saa saba likimpiga utosini. Hataki kuanzia kitandani.

Dawa ya maumivu tuliyopewa hospitali, ile ya maji, anaipata akishafuturu, kisha kabla ya kulala, kisha wakati wa daku. Mchana hapana. Mchana anakaza meno.

Miaka mingi nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha akina mama wa mwani. Nimezoea kuandika yaliyosemwa kikaoni. Hapa hakuna kikao. Naandika nisije nikaanza kusema na ukuta.

Jumanne, 11 Machi

Alasiri mbaya. Kuanzia saa nane mpaka adhana ya magharibi alikuwa akiguna. Hapigi kelele, ana haya. Anaguna tu kama mtu anayenyanyua gunia. Mimi nilikuwa jikoni namenya muhogo wa futari na kila akiguna kisu kinakwenda upande. Tumekula muhogo wa vipande vya ajabu ajabu.

Alhamisi, 13 Machi

Leo amesema.

Alikuwa amekwisha futuru, tende moja na uji nusu kikombe. Nikachukua chupa nimpimie dawa. Akauliza imebaki kiasi gani. Nikamwambia itatufikisha mpaka nesi aje. Akasema, "Nipe yote."

Nikacheka. Mpumbavu mimi. Nilidhani anatania, maana Mzee ni mtu wa utani.

"Mwanaidi, nimechoka. Nipe yote nilale. Hakuna atakayejua, na wewe mwenyewe utapumzika."

Nikasema astaghfirullahi. Halafu hasira zikanipanda, sijui zilitoka wapi. Nikamwambia, unaogopa kunywa funda la maji mchana, huogopi kumwendea Mola wako kwa mkono wako mwenyewe? Akanitazama sana. Akasema, "Swaumu naiweza. Hii siiwezi."

Nilimpa kipimo chake, nikatoka uani, nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Ijumaa, 14 Machi

Bamvua. Maji yametoka mbali, ilikuwa lazima niende kwenye mwani, kamba zangu zimejaa na nisipovuna zitakatika. Wifi yangu Zuhura, mdogo wake Mzee, amekuja na bajaji kutoka Bagamoyo mjini kukaa naye.

Niandike ukweli. Ndani ya maji nilikuwa na furaha. Maji yalinifika magotini, wenzangu wakitaniana kuhusu nani atapika nini Idi, na mimi nilikuwa na furaha kwa sababu simsikii akiguna. Nikajichukia. Kisha nikafurahi tena.

Nilikuwa nafungua kamba huku nafikiria. Mimi sikuzaa. Miaka yote hii hakuna hata mimba iliyoshika. Mama yake Omari alimtafutia mchumba kijiji cha Fukayosi, msichana wa watu, mahari yakatajwa. Omari akasema mke ninaye, mkitaka harusi oeni nyinyi. Hakulirudia tena neno hilo, wala hakunisimanga nalo hata siku tuliyogombana vibaya. Sasa mtu kama huyo akikuomba kitu kimoja maisha yake yote, utamwambiaje hapana?

Na mimi je? Atanigeuza nani? Atanifuta nani?

Nimerudi na mwani mzito begani. Zuhura kanipokea mlangoni macho mekundu. Alinitua mzigo. Nadhani na yeye ameombwa.

Jumamosi, 15 Machi

Sitaki kuandika ya leo lakini nisipoandika yatanioza.

Somo yangu aliyenifunda kabla ya kuolewa alirudia jambo moja mpaka nikalichoka. Mke ni radhi ya mume. Mume akifa ameridhika nawe, njia yako nyeupe. Akifa hajaridhika, swala zako na swaumu zako zitapata tabu kupanda. Nilikuwa msichana, nilisikiliza kwa sikio moja. Leo nimelisikia kwa yote mawili.

Ilikuwa baada ya futari. Ameomba tena chupa. Nimekataa tena. Safari hii hakunibembeleza. Aligeuza uso kwa shida, jasho linamtoka, akasema polepole kama anayesoma:

"Nikifa katika hali hii, na wewe umesimama unanitazama tu, radhi yangu huna."

Nilikuwa nimeshika kijiko. Nilimpa dawa yake. Alikunywa. Akafumba macho.

Radhi yangu huna. Amenitwanga nayo, mwanamume huyu niliyemfuta kinyesi asubuhi.

Jumapili, 16 Machi

Hatukusemeshana. Nimemgeuza. Nimemfuta. Futari ya maharage.

Naogopa.

Jumanne, 18 Machi

Nesi Neema amekuja na pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi. Ndiye anayewazungukia wagonjwa wa namna hii majumbani. Dini yake nyingine lakini akiingia husema salamu alaykum vizuri kuliko wengine wetu.

Amemkagua Mzee, amesafisha kidonda, kisha akaja jikoni kuuliza dawa anaitumiaje. Nikamwambia vizuri. Akauliza vizuri vipi. Nikamwambia kila baada ya saa nne kama ulivyosema. Akaitazama chupa. Akanitazama mimi. Chupa ilikuwa imejaa kuliko inavyopasa, mtoto mdogo angejua.

Nikasema yote. Kwamba anafunga. Kwamba dawa anaipata usiku tu. Na nilivyoanza sikuweza kunyamaza, nikasema na lile la kuniomba chupa yote, na lile la radhi.

Nilidhani atanifokea. Aliweka begi chini, akakaa kwenye mbuzi ya nazi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu.

"Mama, dawa hii haikai mwilini. Baada ya saa nne tu, imekwisha. Kwa hiyo kuanzia asubuhi mpaka magharibi mzee anabaki mtupu, hana kitu. Mimi mwenyewe ningeomba kufa."

Amesema ameona wengi wanaoomba, na wengi wao maumivu yakishashikwa hawaombi tena. Si wote. Alisema hivyo pia, hakunificha. Lakini wengi.

Halafu akaniuliza kama Mzee anajua kwamba ugonjwa huu hauna kurudi nyuma. Nikatikisa kichwa. Maana mimi na Zuhura tulikubaliana siku ile ile tuliporudi na majibu. Tunamwambia ni mgongo. Tunamwambia daktari amesema inachukua muda. Tunamwambia inshallah mwezi wa sita utakuwa unatembea. Nani amwambie mtu mzima unakufa?

Jumatano, 19 Machi

Nilijaribu asubuhi. Nikamwambia nesi amesema unywe dawa mchana. Akasema, "Nikila leo, nitailipa lini? Nikipona nitakuwa na rundo la siku za kulipa. Nisipopona nitakwenda na deni la Mungu shingoni. Niache nifunge." Ukaidi wake ule ule. Ukimvuta huku, anakwenda kule.

Nikavaa buibui nikaenda kwa Maalim Kombo, yule aliyewasomesha nusu ya kijiji hiki. Alikuwa barazani kwake anasubiri watoto wa chuo cha Kurani. Shikamoo, marahaba, habari za mgonjwa. Nikamweleza la swaumu.

Jibu lake lilikuwa jepesi, limenichoma. Mgonjwa anayetarajia kupona hula, akipona hulipa. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hula, na kila siku moja hutolewa kibaba kimoja cha chakula apewe masikini. Basi. Hana cha kulipa tena, na haendi na deni la mtu yeyote.

"Kwa hiyo Mzee anatarajia kupona?" akauliza.

"Anatarajia, kwa sababu tumemwambia atapona."

Maalim akapangusa miwani. "Basi nyinyi ndio mnaomfungisha."

Nikauliza na lile jingine, kwa kuzunguka. Mtu akichoka, akaomba asaidiwe kwenda. Hakujifanya hakuelewa. Alisema kuua ni kuua, Mwanaidi, hata mkono uwe wa huruma. Na mume hatiiwi katika kumuasi Mola, kwa hiyo radhi ya namna hiyo isikutishe. "Lakini," akasema, "mtu akaachwa aumie na dawa ipo ndani, na hilo utaulizwa."

Nimetembea kurudi nyumbani nimekasirika. Najua, Maalim. Yote hayo nilikuwa nayajua. Wewe hujasikia anavyoguna. Hujasikia radhi yangu huna ikitoka kwenye mdomo unaoupenda. Mtu anaweza kujua jambo kutoka mwanzo hadi mwisho na lisimsaidie kulala.

Lakini lile la kumfungisha halinitoki.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia.

Adhuhuri, baada ya kumswalisha kwa ishara ya macho. Nilifunga mlango. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima jana, yote yakakimbia. Nikasema tu, Omari, si mgongo. Ni saratani, iko mifupani, hospitali hawana la kufanya ila kukutuliza. Hutapona. Tulijua tangu kabla ya mwaka mpya.

Hakulia. Mimi ndiye niliyelia. Yeye alikuwa anatazama boriti za dari moja moja, kama anakagua mnazi kabla ya kuukwea, ana kawaida hiyo.

Alipofika boriti ya mwisho akasema, "Na Zuhura anajua?"

"Anajua."

"Na nesi. Na Maalim uliyekwenda kwake jana." Nikaitikia kwa kichwa. "Kwa hiyo mgonjwa ni mimi, na wote mnajua isipokuwa mimi."

Hapo sauti yake ilikatika. Siyo kwa maumivu, nayajua maumivu yake. Ilikuwa uchungu wa mtu aliyechekwa nyuma ya mgongo. Nikamweleza la kibaba alivyosema Maalim. Akageuzia uso ukutani, akaendelea kufunga. Aliguna mpaka magharibi, na leo kila mguno ulikuwa wangu.

Ijumaa, 21 Machi

Asubuhi ameniita kabla sijaenda kumgeuza. Akasema, "Kilete hicho kibaba nikione."

Nimeleta kibaba na mchele kwenye ungo. Nikajaza. Yeye siku zote ndiye anayesawazisha. Kila mwaka ukifika wakati wa fitri, sadaka ya kumaliza mfungo, mimi humimina, yeye hupitisha kiganja juu, pwaa, akasema Mungu hapunjwi. Nikamsogezea. Alipitisha kiganja. Punje chache zikamwagikia kifuani kwake, nikaziacha hapo.

Akasema kipelekwe kwa bibi kipofu nyumba ya tatu. Nikakipeleka.

Adhuhuri nilikaa kitandani na kijiko. Nje watu wanarudi kutoka msikitini, nawasikia. Nilidhani atakaza meno tena. Alinitazama. Akasema Bismillahi. Akafungua kinywa.

Nimempa dawa. Kisha uji. Kisha maji, funda kwa funda, mchana kweupe wa Ramadhani.

Alasiri hakuguna. Nilikwenda mlangoni mara nyingi kusikiliza kama anapumua. Alikuwa amelala, mdomo wazi, kama zamani akitoka kukwea.

Jumatatu, 24 Machi

Siku njema tatu mfululizo. Siamini naandika hivi.

Anakunywa dawa yake kwa saa, mchana na usiku. Asubuhi namimina, anasawazisha, napeleka kibaba. Anakula kidogo kidogo. Ukimpa uji mchana husema, "Funga dirisha, Mwanaidi, watu wasimwone mzee wa watu anakula hadharani." Jana kanihadithia mnazi wa kwanza alioukwea, wa babu yake, alivyofika juu akaogopa kushuka, akakaa huko mpaka wakamletea ngazi. Miaka yote nimekaa naye sijapata kuisikia. Kumbe mkwezi mzima aliwahi kuteremshwa kwa ngazi! Nilicheka mpaka nikatoka nje.

Chupa haombi. Imekaa kwenye rafu, anaiona, haitaji.

Radhi nayo haitaji.

Nasubiri aseme mwenyewe. Akiwa amepumzika, akiwa anacheka, ndipo nasema sasa atasema. Hasemi. Labda amesahau. Labda aliyasema yale maumivu, si yeye. Labda bado anayo moyoni, kwa kile nilichomnyima na kwa kile nilichomficha. Ningeweza kumuuliza. Ni neno moja tu. Lakini nina kiburi changu, nacho hakijaugua. Nimemfuta, nimemlisha, nimelia uso kwenye mto. Na radhi pia niombe?

Kesho nitamuuliza. Au keshokutwa, akiamka vizuri.

Jumatano, 26 Machi

Hakuamka vizuri.

Alfajiri nilimwita, akafungua macho, midomo ikachezacheza. Hakuna sauti. Upande mmoja wa uso umelegea. Nesi Neema amekuja, amempima, amesema maji yameanza kumwishia mwilini na kichwa kinazima. Sauti hairudi, mama. Alinishika mkono.

Nilichelewa siku moja. Siku moja na kiburi.

Nimepima kibaba peke yangu. Nikachukua mkono wake, nikaupitisha juu ya mchele kwa nguvu zangu.

Ijumaa, 28 Machi

Zuhura amehamia hapa tangu jana. Leo baada ya swala ya Ijumaa amewaita akina mama wakasoma Yasini sebuleni, mlango wa chumba ukiwa wazi ili Mzee asikie. Dua ya mwisho ilikuwa Mola amfanyie wepesi, Mola ampe lililo na kheri naye. Wote tukaitikia amina, kwa nguvu.

Nilikuwa nimeketi nyuma. Nikawaza, tunaomba nini hapa? Hakuna kati yetu anayeomba apone. Tunaomba afe. Mimi na hawa wote na Zuhura anayelia kwa kwikwi tunaomba afe upesi, tunaomba kwa sauti nzuri, kisha tunagawana tende. Yeye alipoomba hilo hilo kwa sauti yake mbovu nilimwambia astaghfirullahi. Najua kuomba si kutenda. Najua. Lakini sikuona umbali mkubwa leo.

Walipoondoka alianza kuguna. Na dawa ameipata, kwa saa yake. Mguno wa chini, kila pumzi. Nikampigia nesi simu. Akaniambia niongeze kipimo kidogo, akataja kiasi, nimdondoshee ndani ya shavu kwa sababu kumeza hawezi. Akasema anaweza kulala sana. Akasema anaweza asiamke, na asipoamka itakuwa ugonjwa, si wewe.

Nilishika chupa. Imebaki nyingi.

Safari hii hakuniomba. Mimi ndiye niliyetaka. Nilitaka hasa, mkono ulitaka, nilimwona amelala bila kuguna na mimi nimelala pembeni yake, na kila kitu kimekwisha. Na labda huko aendako angesema, Mwanaidi alinisikia.

Nilimdondoshea kipimo cha nesi. Kisha nikatoka na chupa mpaka jikoni kwa Zuhura, nikamwambia kaa nayo wewe, uniletee kipimo tu, chupa usiniletee. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake.

Jumapili, 30 Machi

Amekwenda. Alasiri, kabla ya magharibi.

Saa nane Zuhura aliniletea kipimo, nikamdondoshea. Mguno ukashuka, ukashuka, ukaisha. Pumzi zikawa za mbalimbali. Nilimsomea shahada sikioni, nikamlowesha midomo kwa pamba. Zuhura alishika miguu. Nilikuwa nasubiri pumzi nyingine, nikaisubiri sana.

Nimempigia nesi. Je, ni dawa niliyompa? Akasema hapana mama, alikuwa amefika. Nikamuuliza tena. Akasema hapana tena, na sauti yake haikuchoka. Nitamwamini. Sina njia nyingine.

Jioni watoto walipiga kelele njiani, mwezi umeonekana. Kesho Idi.

Jumatatu, 31 Machi

Tumezika baada ya swala ya Idi. Watu walikuja makaburini na kanzu mpya, wananukia udi. Mimi nilibaki ndani. Nimevishwa nguo nyeupe za eda.

Ijumaa, 11 Aprili

Eda ni kukaa ndani, miezi minne na siku kumi. Wenzangu wa mwani wamevuna kamba zangu zote, wamezianika, wamefunga mbegu upya. Wameniletea samaki. Wamesema uandishi wa kikundi anaushika mtu mwingine mpaka nitoke, na kwamba mwandiko wake ni mbaya kama njia ya kuku. Nilicheka kidogo. Ilinishangaza.

Kuna jambo la alfajiri ya Idi sikuliandika. Maiti ilikuwa chumbani, imekwisha oshwa na kukafiniwa. Mimi nikakumbuka fitri haijatolewa, na lazima itoke kabla ya swala. Nikachukua mchele, nikamimina pishi yangu, vibaba vinne, nikamimina na ya pili. Kila mwaka ni pishi mbili, mkono unajua wenyewe. Zuhura akasimama mlangoni. Akasema taratibu, "Wifi, kaka hayumo. Alitangulia kabla ya magharibi. Fitri ni ya aliyelikuta jua la jana likizama."

Ni kweli, sheria ndiyo hiyo. Niliitazama ile pishi ya pili haijasawazishwa, ina kilima juu. Nikairudisha kwenye debe. Hicho ndicho kilichonivunja. Siyo sanda, siyo jeneza lilipotoka mlangoni. Kurudisha mchele kwenye debe.

Matangani akina mama waliniuliza, kama inavyoulizwa, Mzee alikuacha na radhi? Nikasema alinipa radhi. Walishukuru, wakaniombea. Zuhura aliinama akawa anakunja kanga yake. Nimekaa na jibu hilo siku zote hizi, nalichunguza kama ni uongo.

Alisema sina. Hilo alilisema, nililisikia. Hakulifuta kwa mdomo. Lakini ni yeye aliyeomba kibaba akione. Ni yeye aliyepitisha kiganja. Ni mtu ambaye hajala mchana wa Ramadhani tangu abaleghe, na aliponitazama nimekaa na kijiko, akiwa na akili zake zote na sauti yake yote, akasema Bismillahi, akafungua kinywa kwangu. Mtu asiye radhi nawe hafanyi hivyo. Nimeamua ile ndiyo radhi yangu. Kama nimekosea, atanisahihisha tutakapoonana.

Leo nimepika mchele wa debe lile. Nimekula.

Sasa adhuhuri inaadhiniwa. Ni saa ya dawa yake, na mkono umekwenda kwenye rafu wenyewe. Hapana kitu. Chupa nesi aliichukua kuirudisha hospitali.